Misalaba Minne ya Wapambe Wangu

Kwa uliyekuwa safarini wiki zilizopita, nakufupishia. Naitwa Yeshimebet, watu wangu wananiita Yeshi, fundi wa nguo za harusi hapa Addis Ababa. Nimewashonea wenzangu hadi wamezaa watoto watatu watatu, mimi mwenyewe bado sijavaa. Harusi yangu na Dagmawi imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza bibi yangu alifariki zikiwa zimebaki siku tisa. Mara ya pili ukumbi uliingia maji. Kisha Kwaresima ikatukuta, siku hamsini na tano hakuna anayeoa, tukakaa tunakula dengu na kusubiri. Baada ya Pasaka tukapata Jumapili yetu: harusi ya kanisani, ya taji na komunyo, ile ambayo ukishaifunga huifungui tena.

Niliwaacha Piassa, dukani kwa Mzee Mulatu sonara, mimi na rafiki yangu Ruhama, tukichagua zawadi za wapambe wangu wanne. Nikawaambia siku ile nilijipalia makaa kwa mikono yangu. Sasa sikilizeni yalivyowaka.

Mzee Mulatu alikuwa ametandaza kitambaa cheusi mezani. Upande huu bangili nyembamba, za kuandikwa herufi ya kwanza ya jina. Upande ule misalaba midogo ya dhahabu, mtindo wa Lalibela, ya kuning'inia kwenye mkufu.

"Bangili," alisema Ruhama. "Herufi moja moja, imekwisha, tukanywe kahawa."

"Bangili kila mtu anazo, shoga. Nataka kitu cha mtu na mtu."

"Bangili ni nzuri, Yeshi. Chukua bangili."

Mzee Mulatu akageuza msalaba mmoja kwa ncha ya kucha. "Huu una mgongo," akasema. "Hapa naandika jina la ubatizo. Linalala kwenye ngozi, hakuna anayelisoma. Mabibi harusi wa siku hizi ndicho wanachonililia."

Nikasikia roho imetua. Jina la ubatizo! Kwetu jina hilo analijua mama yako, mama yako wa ubatizo na padri, basi. Halitajwi ovyo, maana likiangukia mikono mibaya kuna waganga wa kulifanyia kazi. Kumwandikia rafiki jina lake hilo ni kumwambia nakujua hadi ndani.

"Langu sikupi," alisema Ruhama.

"Utanipa."

"Sikupi, nimesema. Andika Ruhama tu. Au mimi niache na bangili yangu, hao wengine wape misalaba."

"Watatu wavae misalaba, mmoja bangili? Picha zitakaaje? Watu watasema nilikosa dhahabu katikati!"

Mzee Mulatu akaingilia. "Msigombane dukani kwangu. Njoo, binti, nipime urefu wa mkufu."

Ruhama akashusha mtandio. Shingo ilikuwa tupu.

Mzee Mulatu akabaki na mkufu hewani. Kwetu sisi tuliobatizwa kila shingo ina uzi, ule mweusi tunaofungwa siku ya ubatizo, tukazeeka nao na kuzikwa nao.

"Uzi wako, binti?"

"Umekatika."

"Lini?"

"Juzi juzi."

Mzee akanitazama mimi, mimi nikatazama mizani. Ruhama ni binti wa padri, na mapadri wetu wana wake na watoto kama watu wengine. Nyumbani kwao uzi ule upo wa kutosha kata nzima. Baba yake angemfunga mwingine kabla chai haijapoa.

Hapa ndipo pa kuungama, na sitajipendelea. Nilijua. Sikuambiwa, lakini nilijua. Tangu sikukuu ya Ubatizo mwezi wa kwanza alikuwa haji kanisani Jumapili, kila siku ana kichwa, kila siku ana zamu. Na mara mbili nilimsikia akiimba jikoni nyimbo ambazo si zetu. Watu wenye akili wangeweka moja na moja. Mimi nilizitenganisha makusudi, kwa sababu nilitaka misalaba minne inayofanana shingoni mwa wasichana wanne wanaofanana.

"Misalaba minne," nikamwambia Mzee Mulatu. "Majina nakuletea kesho."

Kesho yake nikaenda kwa Mama Zenebech, mama yake Ruhama, wakati Ruhama yuko kazini. Nikamdanganya kwamba Ruhama ndiye amenituma. Mama wa watu akafurahi, akachungulia mlangoni, akafunga dirisha, na ndani tulikuwa sisi wawili na paka tu, kisha akaninong'oneza sikioni.

"Welete Tsion. Baba yake mwenyewe ndiye aliyembatiza, siku ya themanini tangu azaliwe. Alilia kuliko mtoto."

Na kama vile hayo hayakutosha, Padri Aklilu, baba yake Ruhama, akaingia, nikamwomba mwenyewe, kwa mdomo wangu huu: "Abba, Alhamisi ukija kuombea turubai, utanibarikia na zawadi za wapambe?"

Padri Aklilu ndiye aliyetuungamisha nyumba nzima tangu nikiwa mdogo. Ndiye ambaye angetuvika taji Jumapili. Akacheka.

"Nitazibariki, na nitawavisha mwenyewe mmoja mmoja. Mwanangu akiwemo."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya vitunguu. Kama hujawahi kukata vitunguu vya mchuzi wa kuku wa watu mia nne, hujui kilio. Wanawake ishirini chini ya turubai, magunia sita, visu vinagonga mbao, kamasi zinatoka, na Mekdes anatuchekesha.

Mekdes ndiye mpambe wangu wa nne. Ni binti wa rafiki ya mama, alikuja kutoka Hawassa Jumatatu ile, na tangu ashuke kwenye basi mdomo haukufunga. Aliimba, aliiga sauti ya mama mkwe wangu hadi mama mkwe mwenyewe akajikojolea kwa kicheko.

"Bibi harusi hafai kukata vitunguu!" alipiga kelele. "Macho yakivimba, Dagmawi atadhani amebadilishiwa!"

Ruhama alikuwa pembeni yangu, kimya, anakata vipande vidogo kama mchele.

Padri Aklilu akafika saa nne. Akaombea turubai, akaombea masufuria, tukabusu msalaba wake wa mkononi. Nikamletea kisanduku cha Mzee Mulatu. Akaibariki ile misalaba, akaanza kuwaita wapambe. Binamu zangu wawili wakavaa, vigelegele. Mekdes akavaa, akaukumbatia kifuani, akazunguka kama mchezaji, vigelegele.

Akachukua wa mwisho. Akaugeuza, akasoma mgongo, na uso wake ukabadilika.

"Nani alikupa jina hili?"

"Mama Zenebech, Abba."

Machozi yakamlenga, na yeye hakukata kitunguu. "Njoo, mwanangu."

Ruhama hakuinuka.

"Ruhama. Njoo nikuvishe."

"Baba, siwezi."

"Huwezi nini? Mikono ina vitunguu? Sitaki mikono, nataka shingo."

Wanawake wakacheka. Ruhama akasimama, akaweka kisu chini polepole, akasema kwa adabu kabisa, sauti ya kumwomba baba ruhusa ya kwenda sokoni:

"Siwezi kuuvaa, Baba. Nisamehe. Nikiuvaa nitakuwa nakudanganya mbele za watu, na nimechoka kukudanganya."

"Uzi wako uko wapi?"

"Niliukata mwenyewe."

Visu vyote vikanyamaza.

"Amekuwa mlokole!" alisema mwanamke mmoja nyuma. "Mtoto wa padri! Loo!"

"Nyamaza wewe!" Mekdes akaruka. "Amekula chako? Kila mtu na Mungu wake!"

Padri Aklilu hakuwasikia wote wawili. "Nani alikupeleka huko?" akauliza.

Ruhama akanitazama mimi. Nilidhani ni lawama. Kisha akatazama chini.

"Sitasema, Baba."

"Nani alikushika mkono akakutoa nyumbani kwangu? Hukwenda peke yako. Nakujua, wewe hata kliniki huendi peke yako."

"Sitasema."

"Basi kalale huko huko kwake. Kwangu usikanyage mpaka useme."

Akanirudishia msalaba mkononi, akatoka. Mama Zenebech alikaa juu ya gunia la vitunguu akalia kwa sauti, na nusu ya wanawake hawakujua kama wamfariji au wajifute kwanza macho yao.

Nikamkimbilia Ruhama getini. "Ruhama, shoga, mimi sikujua..."

"Ulijua," akasema. "Nilikwambia bangili, Yeshi. Nilikwambia mara ngapi?"

Akaenda zake na mtandio wa kupikia, bila hata pochi.

*

Ijumaa nilimtafuta nusu siku. Nikamkuta saluni anakofanya kazi, mwenye saluni amempa kochi la wateja alalie. Alikuwa anamsuka mtu. Nikangoja mteja aondoke. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Mekdes ameniletea injera asubuhi. Ananijua siku nne, amenitafuta kabla yako."

Nilistahili. Nikameza.

"Ruhama, rudi nyumbani. Mama yako amelala chini, hali, hanywi. Baba yako amesema sharti moja tu, umtaje mtu. Mtaje! Kwani ni nani huyo wa kukugharimu nyumba yenu?"

"Sitaki kumtaja."

"Alikupa nini?"

Akakaa. Akaanza kutoa nywele kwenye kitana. "Unakumbuka nilipofukuzwa kazi ile ya hoteli? Miezi mitano nilikuwa natoka asubuhi nimevaa sare, nakaa stendi mpaka jioni, ili Baba asijue. Huyo mtu alinikuta stendi. Hakuniuliza dini. Aliuliza nimekula nini. Akanipeleka kwa watu wake, wakanilisha, wakanitafutia saluni hii. Nikakaa nikasikiliza wanavyoomba. Nikakuta na mimi naomba. Basi. Hakuna aliyenishika mkono kama anavyosema Baba. Nilikwenda kwa miguu yangu, lakini njia alinionyesha yeye."

"Na miezi mitano hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa unachagua rangi ya vitambaa."

Nikapandwa na hasira, kwa sababu ni kweli. Mimi nikikosa, hasira ndiyo inanifika kwanza, aibu inakuja na basi la baadaye.

"Basi mtu wako ni mwoga!" nikamwambia. "Wewe unalala kwenye kochi la saluni, yeye yuko wapi? Kwa nini haji kusimama mbele ya baba yako aseme ni mimi? Mwanamume au mwanamke, ni mwoga, hana haya, na wewe mjinga unamfichia!"

Ruhama akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu aliyekataa kulia.

"Mwoga kweli," akasema. "Jumapili utavikwa naye taji."

Sikuelewa. Nasema kweli, nilikaa nikamtazama kama nimeambiwa kwa Kichina. Kisha nikaelewa.

"Dagmawi?"

"Sikutaka kukwambia. Umenitukana, umenichokoza, imetoka. Sasa unajua kwa nini sikumjibu Baba. Nikisema Dagmawi, Baba hawezi kuwapa komunyo. Huna Jumapili, Yeshi. Mara ya tatu. Ungekufa."

Mtu nimemvua nguo mbele ya ukoo, naye analala kwenye kochi ili nisikose harusi. Nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kuinua mkono.

*

Dagmawi anauza kwenye duka la dawa karibu na Arat Kilo. Nilimkuta nyuma ya kaunta, koti jeupe, kalamu sikioni. Aliponiona alitabasamu. Aliponiona vizuri, tabasamu likaondoka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakuuliza nini tangu lini. "Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu! Na mwaka na nusu tunapanga taji na komunyo!"

"Punguza sauti, Yeshi. Naam, mama, karibu."

Bibi mmoja alitaka dawa ya kikohozi. Akamhudumia, akamweleza vijiko, akamrudishia chenji. Bibi akaondoka.

"Na Jumapili?" nikasema. "Jumapili ungefanyaje?"

"Ningepiga magoti, ningepokea. Mungu anaujua moyo wangu."

"Mungu anaujua. Mimi ndiye ambaye sikuujua."

"Ningekwambia baada ya harusi."

"Baada ya kufungwa fundo lisilofunguka! Unaona ulivyo na akili? Na Ruhama? Unajua yuko wapi?"

"Najua. Nilimpelekea shuka."

"Shuka! Msichana amepoteza baba, wewe umempelekea shuka!"

Akaegemea kaunta. Macho yake yalikuwa mekundu, na nikaona, kwa hasira yangu yote, kwamba bado nampenda yule mwanamume.

"Nenda kamwambie Padri Aklilu," nikasema. "Leo. Mwambie ni wewe."

"Nikimwambia hakuna harusi. Kadi zimegawiwa watu mia nne. Mama yangu ameshasuka nywele. Wewe una miaka ishirini na tisa, Yeshi, umengoja mara mbili. Unataka nimwambie?"

Na mimi, ningekuwa mtu, ningesema ndiyo.

"Sijui," nikasema.

Mteja mwingine akaingia, nikatoka.

*

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla. Mchuzi umepikwa, turubai limepambwa, viti vimepangwa. Mekdes anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama kasia, anaimba, msalaba unaruka shingoni. Mimi nimekaa kwenye kigoda wananipaka hina miguuni, siwezi kukimbia popote.

Padri Aklilu akaja. Kwa siku mbili alikuwa amezeeka miaka kumi. Akawaomba wanawake watupishe, akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele yangu.

"Yeshi. Mimi ndiye niliyekuungamisha tangu una meno ya utoto. Hujawahi kunidanganya."

"Ndiyo, Abba."

"Mama yake hajala tangu Alhamisi. Mimi pia. Nilisema maneno kwa hasira mbele za watu, sasa siwezi kuyafuta bila kupewa kitu. Waumini wananitazama. Mtoto wa padri akiondoka kwa akili yake, ni mimi nimeshindwa kulea. Lakini akiwa amepotoshwa, ni mtoto aliyepotea njia, na mtoto aliyepotea njia naweza kwenda kumchukua mbele ya kanisa zima, hakuna wa kunisema. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Abba."

"Nipe jina tu. Sitamfanya kitu. Nataka kumrudisha mwanangu nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Wewe ni rafiki yake, unamjua aliyempeleka."

Hakuuliza kama namjua. Alisema namjua.

Nikifumba mdomo, Ruhama anabaki kwenye kochi. Nikisema Dagmawi, Ruhama anarudi, na turubai hili lote linavunjwa mchana huu, mara ya tatu, na mimi sioni maisha yangu yataendelea vipi baada ya mara ya tatu. Hina ilikuwa inakauka miguuni. Padri akangoja. Nyuma yake Mekdes akacheka kwa sauti na mtu.

Na shetani hahitaji nafasi kubwa. Nikajiambia, huyu ni mgeni. Jumatatu anapanda basi, anarudi Hawassa. Hapa hana baba wa kumfukuza wala mama wa kulala chini. Atasemwa siku mbili, yataisha.

"Mekdes," nikasema.

"Yule aliyemtetea juzi?"

"Huyo, Abba. Alikuwa anakuja Addis mara kwa mara kabla ya harusi. Ndiye aliyempeleka."

Akafumba macho. "Nilishangaa juzi," akasema. "Kila mtu na Mungu wake, alisema." Akatoa simu, akampigia mkewe. "Zenebech, mfuate mtoto. Mwambie aje hapa hapa kwa kina Yeshi, nimchukue mbele za watu wale wale. Mwambie baba yake anamngoja."

Kisha akasimama, akaenda kwenye sufuria. Sikusikia aliyosema, alisema taratibu, yule si mtu wa kelele. Nilimwona Mekdes anacheka kwanza, akidhani ni utani. Nikamwona anaacha kucheka. Akaweka mkono kifuani, akaangaza turubai zima, akanipata.

"Yeshi!" akaita. "Hebu mwambie Abba! Mwambie! Mimi Ruhama nimemjua Jumatatu!"

Nikainama nikatazama hina.

Mama yangu akanijia mbio. "Mwanangu, ni kweli? Huyu mtoto nimeletewa na mwenzangu, nitamjibu nini mama yake?"

"Ndiyo hivyo, Mama," nikasema, bila kuinua uso.

Mekdes hakubishana tena. Aliuvua msalaba, akaufungia kwenye kitambaa, akampa mama yangu kwa mikono miwili kama mtu mwenye malezi, akaingia ndani kufunga begi. Nilimsikia akipita karibu yangu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Saa haikupita, geti likafunguliwa. Mama Zenebech mbele, amemshika Ruhama mkono, wote wanalia. Padri Aklilu akasahau upadri, akakimbia na kanzu yake, akamkumbatia mwanawe katikati ya uwanja. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikajiambia, umeona, Yeshi? Mtu amerudi kwao. Ulichokifanya kina faida.

"Rafiki yako ndiye aliyekurudisha," nilimsikia padri akimwambia. "Amenitajia aliyekupeleka. Haikuwa rahisi kwake, lakini amesema ukweli."

Ruhama akageuka kama amepigwa. "Amekutajia? Yeshi?"

"Amenitajia. Yamekwisha, mwanangu."

Akanitazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo tangu tuko shule ya msingi. Akaja mbio, akavuka viti, akaizunguka sufuria, akapiga magoti mbele ya kigoda changu, akanishika uso kwa mikono miwili. Hina ikamchafua nguo, hakujali.

"Umefanya hivyo kwa ajili yangu," akasema huku analia. "Umeacha harusi yako kwa ajili yangu! Na mimi nimekusema vibaya jana. Nisamehe, Yeshi, nisamehe, sikujua unanipenda hivi."

"Ruhama," nikanong'ona. "Ruhama, nyamaza. Nyamaza kidogo."

"Sinyamazi! Nataka kila mtu ajue!"

Nikambana mkono kwa kucha. Hakuelewa. Baba yake alikuwa ameshatufikia, amesimama nyuma yake, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mlangoni Mekdes alikuwa ametokea na begi lake.

Ruhama akajifuta macho kwa kiganja, akanitazama kwa huruma yote ya duniani, akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi getini:

"Na Dagmawi je? Amesemaje ulipomtaja?"